Ving'ora Sita vya Jumatano

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa: kituo cha polisi, Likasi, Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2024, kuanzia saa tisa na dakika kumi alasiri
Mbele ya: Déogratias Kabwe, afisa wa upelelezi
Jina la shahidi: Jenny Mbombo
Umri: miaka 15
Kazi: mwanafunzi, mwaka wa tatu wa sekondari
Makao: komini ya Panda, Likasi, nyumbani kwa babu yake
Aliyefuatana naye: mama yake mzazi, Angèle Kalenga, muuza chakula

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Afisa aliniuliza kama naweza, nikasema naweza. Ameniambia niandike nilichokiona na nilichokisikia, na kwamba nikidhani jambo, niseme wazi kuwa nadhani tu. Mama yangu ameketi kando yangu. Katika maelezo haya yapo mambo ambayo hata yeye atayajua leo kwa mara ya kwanza.

Nimekuja kwa ajili ya Mama Orpa Ngoie, jirani yetu anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, ambaye amefungwa hapa tangu Jumatano jioni. Anashtakiwa kwamba alimpa babu yangu sumu ndani ya munkoyo. Afisa amesema faili yake itapelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka, leo saa kumi na moja jioni. Mimi nasema Mama Orpa hakumpa babu yangu sumu, na nitaeleza ninavyojua.

Babu yangu anaitwa Théodore Kalenga. Ana miaka sabini na nne. Sisi tunamwita Kambo, yaani babu. Alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na moja, akihesabu mabehewa ya mawe ya shaba yanayoingia na yanayotoka. Hata leo ukimwuliza, atakutajia namba za mabehewa ya zamani moja baada ya nyingine. Lakini ukimwuliza kama amekula asubuhi, atatazama kwanza sahani.

Kambo ana ugonjwa wa sukari. Dawa yake ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kabla ya kula. Yeye hukiita kinini. Mwezi wa saba mwaka huu alikaa karibu wiki nzima bila kunywa dawa, na kila tulipomwuliza alijibu kuwa amekunywa. Hakuwa akitudanganya. Aliamini kweli kuwa amekunywa. Kidonda kilitoka mguuni, na sukari ikapanda. Daktari Guy wa hospitali alituambia kwamba mtu wa namna hii hasaidiwi na kukumbushwa kwa maneno. Alisema tutafute jambo ambalo Kambo halisahau kamwe, tuifunganishe dawa na jambo hilo.

Tulijaribu kalenda ya parokia. Nilimfundisha kuweka alama kila anapokunywa. Aliweka alama vizuri sana, kwa mistari iliyonyooka, na vidonge vilibaki vyote. Tulijaribu pia Mama amwachie dawa kando ya chai, lakini Mama huondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kakontwe kuwapikia wafanyakazi wa machimbo ya chokaa, na chai ilikuwa ikipoa pamoja na dawa.

Ndipo nikagundua jambo la king'ora. Chini ya mtaa wetu kuna kiwanda kipya kilichoanza kupiga king'ora mwaka huu, ambacho sisi sote huita sirène. Hulia saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wakati wafanyakazi wanapobadilishana. Kila kinapolia, Kambo husimama. Popote alipo, husimama, huvaa kofia yake, hukaza kamba za viatu na kwenda mlangoni. Kisha hukaa tena, kwa sababu hakuna kazi ya kwenda. Hajawahi kukosa hata siku moja. Nilifikiri kwamba hilo ndilo jambo ambalo daktari alikuwa akilitaka.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa nilimfundisha. Nilisimama naye mlangoni asubuhi na jioni kwa siku tisa. King'ora kikilia, nilimwekea kidonge mkononi na kikombe cha maji. Siku ya kumi alinyoosha mkono kabla sijasema neno. Alisema mwenyewe, "Sirène inalia, kinini moya." Niliandika sentensi hiyo kwenye jalada la daftari langu. Daktari Guy alipompima mwisho wa mwezi, sukari ilikuwa nzuri na kidonda kilikuwa kimefunga. Aliniambia, "Mademoiselle, umefanya kazi ya infirmière." Nilifurahi sana kuitwa muuguzi.

Mama alikuwa ameniwekea sharti moja. Nimpe Kambo vidonge viwili tu kwa siku, ndani ya kifuniko cha chupa, na plaquette yenyewe, yaani karatasi ya vidonge kumi, nifunge kwenye sanduku langu. Nilifanya hivyo hadi Jumapili tarehe 13 Oktoba.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Kambo alinikuta nikifungua sanduku. Akaniambia, "Unanichunga sawa mutoto, Jenny? Minye nilichunga mawagon maelfu, hata moya haikupotea. Leta dawa yangu huku."

Nikamwambia, "Kambo, Mama alisema."

Akasema, "Mama yako, minye nilimuzaa."

Hakukasirika. Alisema hivyo huku akiwa amenyoosha mkono. Nilimpa. Aliiweka plaquette katika mfuko wa kifuani wa salopette, ovaroli yake ya zamani ya kazi, akafunga kifungo, akaupigapiga mfuko ule kwa kiganja. Siku hiyo yote alitembea wima. Sikumwambia Mama.

Mama ameacha kusoma begani kwangu. Nimemwuliza kama niendelee. Amesema, "Andika." Naendelea.

Jumanne tarehe 15 Oktoba jioni plaquette ya zamani iliisha. Nilimpa Kambo mpya, yenye vidonge kumi. King'ora kilipolia alikunywa kimoja mbele yangu. Jumatano tarehe 16 Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, kililia tena, akanywa kimoja mbele yangu. Kwa hiyo vilibaki vinane. Nilimpikia uji, akala nusu. Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kwenda shule. Nilipoondoka alikuwa mzima, na aliniambia nisipite kwenye tope.

Saa tatu asubuhi tukiwa darasani, king'ora kililia. Mwalimu wetu wa historia alisema ni mazoezi ya usalama kule kiwandani, tangazo lilibandikwa getini tangu Jumatatu, tuendelee kuandika. Baada ya muda kidogo kililia tena. Darasa lote linajua habari za Kambo na king'ora, kwa sababu mimi mwenyewe niliwasimulia kwa kujisifu. Rafiki yangu Sephora, ninayeketi naye, alinigusa kiwiko. "Jenny, Kambo yako anaenda kazi mara ngapi leo?"

Mvulana wa nyuma akasema, "Leo banamulipa double!"

"Double nini? Atapata heures supplémentaires mupaka Noël," akasema Sephora, yaani atalipwa saa za ziada. Akachukua kalamu na kuchora mstari katika ukingo wa daftari langu kwa kila king'ora, na juu yake akaandika "Safari za Kambo". Kilipolia mara ya tatu darasa zima lilicheka. Kilipolia mara ya tano mwalimu naye alitabasamu.

Nami nilicheka. Nilivisikia ving'ora vyote vitano, kati ya saa tatu na saa tano kasorobo, nikaendelea kuandika somo. Sikufikiria mfuko wa salopette hata mara moja. Daftari hilo ninalo hapa, na mistari mitano ipo.

Nilirudi nyumbani saa saba na dakika kumi mchana. Kambo alikuwa amelala chini, mlangoni, kofia ikiwa kichwani. Shati lilikuwa limelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa. Macho yalikuwa wazi lakini hakunijibu. Mama Orpa alikuwa amepiga magoti kando yake, ameshika kichwa chake, na kikombe chake cha plastiki cha kijani kilikuwa sakafuni. Alikuwa anapiga kelele, "Bantu! Bantu mukuye! Muzee anakufa!" Jirani mwingine alileta gari. Tulifika hospitali kabla ya saa nane.

Daktari Guy alimchoma kidole, akatazama kipimo, akaagiza mara moja aingizwe maji ya sukari kwenye mshipa. Alisema sukari ilikuwa ishirini na tisa, na kwamba haitakiwi kushuka chini ya sabini.

Mjomba wangu Blaise Kalenga, kaka mdogo wa Mama, ambaye namwita Tonton, alifika saa tisa alasiri. Aliuliza nani alikuwa na baba yake. Mama Orpa akasema ni yeye. Haya ndiyo aliyoyasema mbele yangu katika korido ya hospitali, na naandika kama alivyosema:

"Nilipita kwanza saa ine asubuhi. Nilimukuta anasimama mulangoni na kofia. Anasema, 'Mama Orpa, contremaître wa leo hana kichwa, anatuita paka kutuita.' Nilicheka tu, nikaenda soko. Saa sita nilirudia na munkoyo yake. Nilimukuta anatetemeka, jasho inatoka. Ananiita Clotilde. Anasema, 'Clotilde, niko na njala.' Nilimupa kikombe, akamaliza. Nilitia sukari ingine, nikamupa ya pili. Akakuwa muzuri kidogo, akaniita jina yangu. Kisha njo akaanguka."

Clotilde ni jina la nyanya yangu, ambaye ni marehemu. Contremaître ni msimamizi wa kazi, na Kambo alikuwa akisema kwamba anawaita tu kila mara.

Tonton Blaise akamwambia, "Nyamaza! Kikombe ni yako, munkoyo ni yako. Nani mwingine alimunywisha?"

Mama Orpa akajibu, "Papa Blaise, kama ningetaka kumuua, ningeita bantu?"

Tonton akasema, "Juu ya kujificha, njo maana uliita." Akasema pia kwamba watu wa kanisa la Mama Orpa husali milimani na kurudi na vitu ambavyo hakuna anayevijua. Mimi sijawahi kuona kitu chochote. Mama Orpa huenda mlimani na Biblia na chupa ya maji. Saa moja jioni tonton alikuja na polisi wawili hospitalini wakamchukua. Alikuwa bado anashikilia kile kikombe cha kijani. Alinitazama akasema, "Jenny, mufunge ndoo yangu ya munkoyo, inzi." Nilikwenda nikaifunga.

Alhamisi tarehe 17 Oktoba asubuhi Daktari Guy alituita, mimi na Mama. Kambo alikuwa amefungua macho na kula kidogo. Daktari alisema hakuona dalili ya sumu. Alisema sukari hushuka hivyo mgonjwa akinywa dawa yake kupita kiasi, na kwamba munkoyo wenye sukari ulimsaidia kufika hospitali akiwa hai. Lakini hakuweza kuandika nani alimpa dawa nyingi, kwa sababu hakuwepo. Kisha akauliza, "Jumatano alikunywa vidonge vingapi?"

Mama akajibu, "Kimoja asubuhi. Jenny anamuonaka."

Wote wawili walinitazama. Nilisema, "Ndiyo, Docteur." Nilikuwa nimemwona kweli akinywa kimoja. Lakini nilijua plaquette ilikuwa mfukoni mwake, na sikusema. Nilidhani labda ameipoteza. Nilitaka iwe imepotea.

Tonton Blaise alipoambiwa maneno ya daktari alisema, "Basi njo ile mama alitia madawa ndani ya munkoyo." Kwa hiyo yale ambayo yangemtoa Mama Orpa yalimkaza zaidi.

Alhamisi hiyo jioni nilikaa na Kambo. Hospitali iko mbali na mtaa wetu, lakini upepo ukitoka upande ule king'ora husikika. Saa kumi na mbili kilisikika, kwa mbali. Kambo alikuwa anasinzia. Aliketi kitandani, akatafuta kofia kichwani, haikuwepo. Kisha mkono wake ukaenda kifuani, upande wa kushoto, ukatafuta mfuko. Nguo ya hospitali haina mfuko. Aliendelea kutafuta, vidole vikipapasa kitambaa pale pale, kama mtu anayefungua kifungo. Akaniuliza, "Jenny, nani aliiba poche yangu?"

Nikamwambia hakuna aliyeiba. Akauliza kama amekwisha kunywa. Nikamwambia daktari amesimamisha dawa kwanza. Akasema vizuri. Dakika chache baadaye bawaba za mlango wa chuma zililia, na mkono wake ukaenda tena kifuani.

Hapo nilielewa. Kambo hajui kama amekunywa au hajanywa. Anachojua ni kusimama anapoitwa.

Leo Ijumaa sikwenda shule. Muuguzi alikuwa amenipa nguo za Kambo ndani ya mfuko wa plastiki ili nizifue. Saa nne asubuhi, kabla ya kuilowesha salopette, nilifungua kifungo cha mfuko wa kifuani. Plaquette ilikuwamo. Kifungo kilikuwa kimefungwa vizuri, kama anavyokifunga yeye, na uzi umezungushwa mara mbili kwa sababu tundu limelegea. Ndani ya plaquette kulikuwa na vidonge vitatu. Niliviacha vinane.

Nilikwenda hospitali nikamwambia Mama, "Twende polisi."

Akauliza, "Juu ya nini?"

Nikasema, "Nitasema pale, mara moja tu. Nikisema hapa, Tonton atanikataza." Mama akachukua kitambaa chake cha kichwa.

Afisa ameihesabu plaquette mbele yetu. Alipitisha kidole juu ya kila tundu lililopasuka, matundu saba. Kimoja Jumanne jioni, kimoja Jumatano asubuhi. Hivyo viwili niliviona. Vinabaki vitano ambavyo sikuviona. Amehesabu pia mistari ya Sephora. Ni mitano.

Nadhani, na hapa nasema wazi kuwa nadhani, kwamba Kambo alisimama kwa kila king'ora, akavaa kofia, akanywa kinini kimoja kama nilivyomfundisha, akafunga kifungo, akasahau. Nadhani pia kwamba Mama Orpa alipomsikia akimlalamikia contremaître, alisikia ukweli wote bila kuujua, na alipousema hospitalini hakuna aliyemsikiliza. Nami nilikuwa nimesimama pale pale.

Kambo hakukosea. Alifanya nilivyomwambia. Sheria niliyompa haikusema akisikia mara ya pili asubuhi hiyo hiyo afanye nini, kwa sababu mimi sikuwaza kwamba kengele ya watu wengine inaweza kubadilika. Na Mama alikuwa ameweka kifuniko cha chupa ili kosa la namna hii lisizidi vidonge viwili. Mimi ndiye niliyekiondoa. Kama kuna mtu wa kuulizwa juu ya vidonge vile, ni mimi, Jenny Mbombo, na nipo.

Afisa ameniuliza kwa nini nilimpa plaquette wakati nilikuwa nimekatazwa. Nimejibu: kwa sababu alisema namchunga kama mtoto, na nilitaka ajisikie mtu mzima. Ameniuliza kama ningempa tena. Nimejibu hapana. Ningempa kifuniko chenye kidonge kimoja tu, nikakifunga ndani ya mfuko wake wa kifuani asubuhi, na kingine jioni nikirudi. Angekuwa na mfuko wake na kifungo chake, na ving'ora vingelia hata mara ishirini, mfukoni kingekuwa kimoja. Hilo nimelifikiria leo njiani. Ningelifikiria Jumapili, tusingekuwa hapa. Nitamwuliza Daktari Guy kama inafaa.

Niliyoyajua nimeyamaliza. Nimeyasoma tena kwa sauti, polepole, Mama na afisa wakisikiliza, na hakuna neno ninalotaka kulifuta. Naomba Mama Orpa arudi kwake.

(sahihi) Jenny Mbombo
(sahihi ya mama mzazi) Angèle Kalenga

TAARIFA YA AFISA

Shahidi ameandika mwenyewe kwa Kiswahili, lugha anayoisoma mama yake. Tafsiri ya Kifaransa itaambatanishwa. Aliandika bila kushurutishwa. Alisita kuandika mara moja tu, alipofika kwenye habari ya Jumapili, kisha akaendelea.

Vitu vilivyopokelewa: plaquette moja yenye vidonge vitatu, daftari moja la historia, ukurasa wenye mistari mitano. Saa kumi na dakika ishirini nilimpigia simu mlinzi wa getini kiwandani. Alithibitisha kwamba Jumatano kulikuwa na mazoezi na king'ora kilipigwa mara tano, mbali na kile cha saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na nusu Daktari Guy alithibitisha kwa simu kwamba vidonge vitano vya ziada vinatosha kuleta hali aliyoiona, na ameahidi kuandika cheti. Blaise Kalenga ameitwa kituoni kesho saa tatu asubuhi asomewe maelezo haya. Dhidi ya shahidi sikuona jambo la kufungulia faili.

Orpa Ngoie ameachiwa saa kumi na moja kasoro dakika tano, akiahidi kuitikia mwito endapo atahitajika. Amerudishiwa kikombe kimoja cha plastiki, rangi ya kijani. Alisomewa maelezo ya shahidi kwa ombi la shahidi mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia shahidi, "Ndoo yangu ulifunga?" Shahidi akajibu, "Nilifunga, Mama."

Shahidi aliuliza saa. Nilipomjibu, aliomba ruhusa waondoke, ili awe kando ya kitanda cha babu yake kabla ya king'ora cha jioni. Nimewaruhusu. Wametoka pamoja, wote watatu, kwa miguu, kuelekea hospitali.

(sahihi) Déogratias Kabwe, afisa wa upelelezi